Sharti la Sewa Haji: jinsi ya kuzisoma sadaka za wafanyabiashara wa Kihindi Afrika Mashariki

Mtu akiuliza mgonjwa wake amelazwa wapi katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hujibiwa kwa neno moja, jina la wodi: Kibasila, Mwaisela, Sewahaji. Hilo la mwisho hutamkwa kwa mkupuo kama jina la mtaa, na ndugu anayepandisha ngazi na chupa ya uji mkononi hana sababu ya kujua kwamba ni jina la mtu aliyefariki Zanzibar mwaka 1897. Sewa Haji Paroo alikuwa Khoja wa Bagamoyo, yaani wa jamii moja ya Waislamu wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, familia yake ikitokea Kutch, magharibi mwa India, na utajiri wake ulitokana na misafara ya bara. Aliuza vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Aliwatafutia wapagazi Wazungu waliokuwa wakielekea maziwa makuu. Alinunua pembe za ndovu zilizoshuka pwani. Alipokufa, kabla hajatimiza miaka 50, aliiachia serikali ya Kijerumani sehemu kubwa ya viwanja na nyumba zake kwa makubaliano kwamba mapato yake yahudumie wagonjwa, wenye ukoma na maskini. Shule ya ghorofa aliyoijenga Bagamoyo alikuwa ameshaikabidhi kwa serikali hiyo hiyo, nayo kwa sharti: watoto wa rangi zote wapokewe.

Sharti hilo linastahili kutazamwa kuliko jengo lenyewe. Mazungumzo yetu kuhusu misaada ya Wahindi huenda kwa njia mbili, na kila moja imekwisha kuchakaa. Wapo wasemao kwamba watu hawa walitujengea hospitali, shule na zahanati wakati serikali za kikoloni zimelala, hivyo tuwashukuru. Wapo wanaojibu kwamba walijijengea wenyewe, kwa fedha walizozipata kwetu, kisha wakafungua mlango walipolazimika. Kila upande una mifano ya kutosha, na ndiyo maana ubishi hauishi. Njia ya kuumaliza, au angalau ya kuupunguza, ni kuacha kusoma kibao cha marumaru kilichobandikwa ukutani na kusoma hati iliyokaa kabatini. Kibao hukwambia nani alitoa. Hati hukwambia nani alikusudiwa kupokea, nani atasimamia, fedha ya kuendeshea itatoka wapi, na nini kitatokea serikali ikibadilika.

Kwanza, tunamzungumzia nani? Neno “Mhindi” katika Kiswahili cha kila siku hubeba watu wasiosali pamoja, wasiooana, na mara nyingine wasiozungumza lugha moja: Makhoja wa Ismailia na Makhoja wa Ithnaasheri, Mabohora, Masunni wa Memon, Wahindu wa jamii za Bhatia, Lohana na Patel, Wajaini wa Oshwal, Masingasinga kutoka Punjab, Wagoa Wakatoliki. Wengi wao asili yao ni Kutch na Kathiawar, nchi kavu zenye mvua za kubahatisha na bandari zinazotazama Bahari ya Hindi. Kuwaita wahamiaji nako kuna ugumu wake. Ukoo wa Karimjee huanza kuhesabu biashara yake Zanzibar tangu mwaka 1818, kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja, na mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Hata hivyo, kwa jambo tunalolichambua, uhamiaji unabaki kuwa ufunguo, kwa sababu taasisi zao za kusaidiana zilijengwa na watu waliofika mahali ambapo hawakuwa na shamba la babu wala ukoo wa kukimbilia.

Kabla ya fedha kufika kwa jirani, hupita ndani ya jumuiya, na kila jumuiya ina mfereji wake. Waislamu wana zaka, ambayo kwa Wasunni ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango. Washia wa Ithnaasheri huongeza khumsi, yaani sehemu moja ya tano ya kinachobaki baada ya matumizi ya mwaka. Waismailia hutoa sehemu ya kipato chao kwa Imamu wao, Aga Khan, kupitia jamatikhana, nyumba yao ya ibada, na Masingasinga wana fundisho la kutenga sehemu ya kumi. Kwa Wahindu na Wajaini kuna desturi ambayo wengi wetu hatujaisikia. Katika miji ya Gujarat, mfanyabiashara alikuwa akiongeza kiasi kidogo juu ya muamala na kukiandika kando kwa jina la dharmada. Kiasi hicho hakikuwa cha muuzaji wala cha mnunuzi. Kilikuwa amana mkononi mwa mwenye duka hadi chama cha wafanyabiashara kiamue kitumike kwa kisima, kwa nyumba ya wasafiri au kwa zizi la mifugo iliyozeeka ambayo hakuna anayetaka kuilisha. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hawa, hata sadaka ilikuwa na ukurasa wake.

Kutokana na daftari hilo tunapata tabia mbili zinazotofautisha utoaji huu na ule wa mtu mmoja mkarimu. Tabia ya kwanza ni kwamba kutoa ni sehemu ya sifa ya biashara. Mkopo wa bidhaa kutoka kwa mwenye duka kubwa la Mombasa kwenda kwa mwenye kijiduka cha Machakos au Kigoma ulikwenda kwa kuaminiana, na anayejulikana kuchangia msikiti au hekalu alikuwa amekwisha kujitambulisha kwa wote wanaoweza kumkopesha. Tabia ya pili ni kwamba fedha hupendelewa kufungwa kuliko kugawiwa. Kwa Waislamu chombo chake ni wakfu: mali inafungwa, asili yake haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake ndiyo yanayotumika kwa shughuli iliyotajwa. Wahindu na Wajaini walitumia bodi za wadhamini chini ya sheria ya Kiingereza, lakini fikra ni ile ile. Nyumba hupangishwa, kodi hukusanywa, dawa hununuliwa.

Mfano mzuri wa kuuona kwa macho uko Unguja, mkabala na bandari. Jengo ambalo watu wa Mji Mkongwe huliita Ithnaasheri Dispensari lina vibaraza vya mbao vilivyochongwa kwa subira kiasi kwamba mgeni husimama barabarani akitazama juu, huku mchukuzi wa mkokoteni akimwomba njia. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, Khoja aliyekuwa tajiri wa forodha na mfadhili wa misafara, Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, akiwa mmoja wa wateja wake. Alikusudia hospitali, kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 jengo likiwa halijakwisha. Lilikamilika mwaka 1894, na mwaka 1900 likaingia katika mirathi ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Hapo ndipo likapata utaratibu uliolifanya lijulikane: chini zahanati ya sadaka, juu nyumba za wapangaji. Yaani wakfu umesimama wima, na anayepita barabarani anaweza kuuona wote kwa mtazamo mmoja.

Lakini Tharia Topan anatulazimisha kuuliza swali ambalo vibao huliruka. Fedha ile ilitoka wapi? Uchumi wa Zanzibar wa karne ya 19 ulisimama juu ya karafuu zilizochumwa na watumwa na juu ya misafara iliyoshusha pembe na watu. Wafanyabiashara wa Kihindi hawakuwa wakiongoza misafara ya kukamata watu, lakini mikopo yao ndiyo iliyoiwezesha, rehani za mashamba zilikuwa mikononi mwao, na baadhi yao walimiliki watumwa: mwaka 1860 balozi wa Kiingereza Zanzibar, Rigby, aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi aliowahesabu kuwa raia wa himaya yake. Sisemi haya ili kufuta zahanati. Nasema kwa sababu mwandishi anayehesabu vitanda vya hospitali bila kuhesabu mizigo ya wapagazi huwa amesoma upande mmoja wa daftari, na daftari lina pande mbili.

Turudi kwa Sewa Haji na sharti lake, kwa kuwa lilivyotendewa ndivyo mambo mengi yalivyokuja kwenda. Mwaka ule ule wa 1897 Dar es Salaam ilipata hospitali mbili. Moja ilikuwa Ocean Road, iliyojengwa na serikali ya Kijerumani ufukweni, penye upepo, kwa ajili ya Wazungu. Nyingine ilikuwa Hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha ya mfanyabiashara, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Tazama kilichotokea: mtoaji alitaka mlango ulio wazi kwa watu wa rangi zote, na serikali ikaupokea msaada wake, ikautumia kuwahudumia wale ambao haikutaka kuwatumia fedha yake yenyewe, kisha ikajenga mlango mwingine kwa ajili ya watu wake. Sadaka iliyokusudiwa kuvunja mpaka ikawa nguzo ya kuushikilia. Hospitali ile ilitumika hadi miaka ya 1950, Waingereza walipojenga hospitali mpya iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo, na jina la mfadhili wa kale likahamia katika wodi.

Waingereza waliufanya mpaka huo kuwa utaratibu kamili. Elimu iligawanywa katika makundi matatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila moja na shule zake na bajeti yake. Serikali ilikuwa tayari kutoa ruzuku kwa jumuiya iliyokwisha kujichangia, jambo ambalo kwa mfanyabiashara lilisikika kama biashara ya haki: changa shilingi, upate nyingine. Matokeo yake ni kwamba kila jumuiya ilikimbilia kujenga ya kwake, na mji kama Mombasa au Dar es Salaam ukajaa shule za Waismailia, za Mabohora, za Wahindu na za Wagoa, mara nyingine zikitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mtoto wa Kiafrika aliyepita nje ya ukuta huo aliona jambo moja, kwamba Wahindi wamejifungia. Alikuwa sahihi kuhusu alichokiona. Ambacho hakukiona ni kwamba ruzuku ilikuja na sharti lake, na sharti hilo liliandikwa na serikali.

Hata hivyo, nisiwape wenye maduka udhuru uliozidi. Sewa Haji alionyesha miaka mingi kabla kwamba iliwezekana kudai kinyume, na wachache walimfuata. Allidina Visram, ambaye alifika Bagamoyo akiwa kijana, akafanya kazi chini ya Sewa Haji, kisha akatandaza maduka yake kando ya njia za misafara na reli ya Uganda hadi yakafika zaidi ya 200, alichangia makanisa na hospitali bila kuuliza dini. Lakini shule kubwa yenye jina lake pale Mombasa, iliyojengwa na mwanawe mwaka 1923 kwa kumbukumbu ya baba, ilikuwa kwa miongo kadhaa shule ya watoto wa Kihindi. Leo wanafunzi wake ni watoto wa Mombasa wa kila namna, nao huiita kwa herufi mbili tu, AV.

Mabadiliko yalianza kuonekana katika miaka ya 1940, na tukio linalokumbukwa zaidi ni la mzani. Tarehe 10 Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, Aga Khan wa Tatu, Imamu wa Waismailia, alikaa kwenye kiti cha mzani kwa jubilei ya almasi ya uimamu wake na upande wa pili vikawekwa visanduku vya almasi hadi ukasawazika. Magazeti ya dunia yaliandika kuhusu almasi. Waismailia wenyewe waliandika zaidi kuhusu kilichofuata: thamani ya zawadi ile ilirudishwa kwao kama mtaji wa shirika la uwekezaji lililokopesha watu fedha za kujenga nyumba, kuanzisha biashara na kusimamisha vyama vya ushirika. Shirika hilo ndilo lililokuja kuwa benki ya Diamond Trust, ambayo leo mteja wake anaweza kuwa mtu yeyote mwenye kitambulisho. Miaka michache kabla, kwa mtindo huo huo, jubilei yake ya dhahabu ilikuwa imezaa kampuni ya bima ya Jubilee, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1937. Anayejaribu kutenga hapa ni sadaka na hapa ni biashara atajichosha bure, maana wenyewe hawakutenga. Kwao mkopo wa nyumba wenye riba nafuu ulikuwa msaada bora kuliko fedha ya kupewa, kwa kuwa fedha ya mkopo hurudi ikamsaidia wa pili.

Wakati huo huo mlango mwingine ulifunguliwa kuelekea nje. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa herufi zake, EAMWS. Sharti lake lilikuwa la kihesabu: kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wengine, Aga Khan angeweka shilingi yake juu. Misikiti na shule za Waislamu Waafrika zilijengwa kwa utaratibu huo katika nchi zote tatu. Kwa njia iliyofanana na hiyo, michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya jumuiya ya Mabohora iliwezesha kujengwa kwa chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na kinafundisha watu wa dini zote. Wahindu nao, baada ya Gandhi kuuawa mwaka 1948, walichangishana fedha za kujenga chuo cha kumbukumbu yake. Badala ya kujijengea cha kwao peke yao, walikubali kuziunganisha na chuo cha ufundi cha serikali kilichopangwa kupokea wanafunzi wa rangi zote. Kilianza masomo Nairobi mwaka 1956. Hicho ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi, na jina la Gandhi bado liko katika maktaba yake.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la ule ubishi wa mwanzo. Ukizipanga hati za kabla ya uhuru, utaona zina duara tatu. Ya ndani kabisa ni ya jumuiya: mazishi, mayatima, karo, mkopo. Ya kati ni ya dini au ya rangi, yaani Waislamu wote, au Waasia wote. Ya nje ni ya mji mzima: kisima, bustani, ukumbi, wodi. Fedha nyingi zaidi zilibaki duara la ndani, na aliye nje alikuwa na haki ya kuliona hilo. Lakini zawadi za duara la nje ndizo zilizokuwa ghali kwa mtoaji mmoja mmoja, na ndizo tunazozikanyaga kila siku bila kujua. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, ambapo wahubiri wa mchana hushindana kwa sauti na watu wasio na kazi hulala kwenye nyasi, ilitolewa na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ulitolewa na ukoo wa Karimjee katika miaka ya 1950. Humo lilikaa Bunge la Tanganyika, Spika wake wa kwanza akiwa Abdulkarim Karimjee wa ukoo huo huo.

Baada ya uhuru masharti yaliandikwa upya, safari hii na serikali. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, hospitali iliyojengwa kwa fedha za akina Karimjee ilipewa jina la V. I. Lenin, kisha ikawa Mnazi Mmoja. Zahanati ya vibaraza vya mbao iliachwa ikachakaa hadi taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipoikarabati katika miaka ya 1990. Tanzania Bara, Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa shule binafsi, EAMWS ikapigwa marufuku mwaka 1968 na nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, na mwaka 1971 serikali ikatwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria hii ya mwisho iligusa mshipa. Mtu anayefikiri kwa fikra ya wakfu hutegemea kodi ya nyumba kama mkulima anavyotegemea mvua. Kodi ilipokatika, waliokuwa wakitoa wakawa hawana cha kutoa, na wengi wakafunga mizigo kwenda Kanada na Uingereza. Uganda haikuchukua nyumba tu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na shule, hekalu, hospitali na viwanda vikabaki na wasimamizi wapya.

Yafaa kusema wazi kwamba utaifishaji ulitimiza, kwa njia ya mabavu, kile alichokidai Sewa Haji kwa hiari. Shule zilizokuwa za jumuiya moja zikawa za wote kwa siku moja. Mzazi wa Kiafrika aliyempeleka mwanawe mwaka ule katika darasa ambalo yeye mwenyewe asingekanyaga alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Kilichokosekana ni lile jambo la tatu katika hati, fedha ya kuendeshea. Serikali ilirithi jengo bila kurithi mfereji uliokuwa ukileta maji.

Wahamiaji hawa walipohama tena, walihama na desturi yao. Matembezi ya hisani ya kila mwaka yanayofanyika katika miji ya Kanada kuchangia maendeleo ya Afrika na Asia yalianzishwa Vancouver mwaka 1985 na kikundi cha wanawake wa Kiismailia, jumuiya ambayo huko Kanada ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Kampala, Dar es Salaam na Nairobi. Wengine walirudi. Akina Madhvani walirejea Kakira kufufua kiwanda chao cha sukari, na taasisi yenye jina la mwasisi wao, Muljibhai, hutoa ufadhili wa masomo ya sayansi kwa wanafunzi wa Uganda.

Hali ya leo ina utata wa aina nyingine, na unaonekana zaidi hospitalini. Hospitali nyingi za jumuiya hizi, kuanzia Aga Khan na M. P. Shah za Nairobi hadi Hindu Mandal ya Dar es Salaam, zimesajiliwa kama taasisi zisizogawana faida, nazo hupokea mtu yeyote. Lakini mtu yeyote huyo hukutana na dirisha la malipo. Malalamiko ya kawaida ni haya: inakuwaje hospitali ya sadaka iwe ghali kuliko ya serikali? Jibu liko katika namna zinavyoendeshwa. Hospitali isiyogawana faida hairuhusiwi kumpelekea mwenye hisa gawio, lakini inaruhusiwa, na kwa kweli hulazimika, kubaki na ziada. Mwenye bima na mwenye uwezo hulipa kamili; ziada hiyo hununua mashine, hulipa madaktari wasiondoke, na sehemu yake huingia katika mfuko wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Utaratibu huo una mantiki, ila una tundu: mfuko huo huombwa kwa fomu, fomu huhitaji mtu wa ustawi wa jamii aihakiki, na maskini ambaye hajui kwamba fomu ipo hugeuka mlangoni akidhani bei aliyotajiwa ndiyo mwisho wa maneno. Sadaka iliyofichwa ndani ya hesabu haina adabu mbaya, lakini haimwiti mtu.

Kinyume chake ni sadaka yenye kelele. Sote tumeiona katika taarifa ya habari: madawati yamepangwa uwanjani, mkuu wa wilaya ameshika upande mmoja wa mfano wa hundi mkubwa kama mlango, mfanyabiashara ameshika upande wa pili, na wanafunzi wameamriwa kupiga makofi. Kenya ilikuwa na harambee zake, ambazo mwenye kiwanda alizipokea kwa kadi ya mwaliko yenye jina la mwanasiasa, naye akajua kwamba kutokwenda nako ni jibu. Katika jumuiya ndogo, inayoonekana kwa rangi, inayoshukiwa kila uchumi unapoyumba, michango ya namna hii ni bima kama ile ya moto. Sioni haja ya kuidharau. Dawati ni dawati, na mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni ameinuliwa. Ila tusiiweke kapu moja na wodi ya Sewa Haji. Hati yake, kama ingeandikwa, sharti lake lingekuwa juu ya anayepokea heshima.

Na kuna sadaka isiyo na hati wala kamera. Siku ya Ijumaa asubuhi, katika mitaa ya Kisutu na Jamhuri, Dar es Salaam, wazee, vipofu na kina mama wenye watoto mgongoni hupita duka kwa duka. Mwenye duka ameshaandaa sarafu kwenye kikombe kando ya mashine ya hesabu, na humpa kila mmoja bila maneno mengi, wakati mwingine bila kuinua macho kutoka kwenye risiti. Kibarua anayeshusha maboksi mlangoni huyaona yote hayo. Ukimwuliza, atakwambia angependa zaidi mshahara uongezwe kuliko kikombe kijazwe, na katika utafiti wote wa misaada ya wafanyabiashara sijasikia swali zito kuliko hilo, kwa maana linaiweka sadaka na ujira katika ukurasa mmoja wa daftari ambako kwa desturi zimeandikwa mbalimbali.

Wasafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa wanapajua Makindu. Mafundi wa Kisingasinga walioletwa kujenga na kuendesha reli walikuwa na kambi hapo, na mwaka 1926 walijenga gurudwara, nyumba yao ya ibada, ambayo hadi leo haijafunga jiko lake. Dereva wa lori la mizigo, familia inayokwenda likizo, kijana aliyeharibikiwa na pikipiki, wote huingia. Unavua viatu, unachukua kitambaa kwenye kapu la mlangoni unafunika kichwa, unapokea sinia la bati lenye vigawanyo, unawekewa dengu, mboga, chapati na chai ya maziwa iliyokolea. Hakuna anayeuliza jina, dini wala unakokwenda. Kisanduku cha michango kipo, lakini kimewekwa mahali ambapo unaweza kupita usikione. Ukimaliza, sinia unalirudisha mwenyewe, na anayelisafisha pale kwenye sinki huenda akawa mfanyakazi wa hapo, au mwenye kampuni ya malori aliyeshuka kutoka Nairobi alfajiri hiyo.